Kichupa cha Ufizi

1

Chilongani alikuwa na miaka ishirini na tisa katika biashara ya nyama, kwa hiyo hakuhitaji miwani kujua kwamba kilichomo ndani ya kichupa kile hakikutoka kinywani mwa binti yake.

Kilikuwa kichupa cha kioo, urefu wa kidole gumba, kimejaa maji ya chumvi. Ubavuni kilibandikwa karatasi: NYEMO CHILONGANI, TAYA LA JUU, KULIA. Ndani kilielea kipande cha nyama cha rangi ya waridi iliyofifia, upana wa ukucha. Dada mkubwa wa Chilongani, Ndahani, alikuwa amekwisha chimba shimo kando ya mlango wa nyuma, na sasa amesimama na jembe kama askari wa zamu, akimsubiri baba mtu afanye kazi yake.

"Weka basi, jua linapanda," alisema Ndahani. "Au unataka kukionja kwanza?"

"Subiri, dada."

"Nisubiri nini? Mara ya kwanza walisema wameshakichoma na takataka. Mara ya pili wakasema hivyo hivyo. Safari hii nimekwenda mwenyewe kupiga kelele pale mapokezi ya kliniki mpaka mlinzi akaniletea kiti. Leo wametoa, wewe unakikodolea macho kama bwana afya!"

Katika ukoo wa Chilongani hakuna cha mwili kilichotupwa ovyo. Jino, kidole kilichokatwa na shoka, vyote viliingia ardhini karibu na mlango, kwa mkono wa baba. Sababu hakuna aliyeikumbuka. Babu alifanya, wao wakafanya.

Nyemo alikuwa ameketi kizingitini, kitambaa chenye barafu shavuni. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na tabasamu la bibi yake mzaa baba: akicheka, mdomo wa juu ulipanda mpaka karibu na pua, na fizi zikaonekana kabla ya meno. Kwao hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Aliyeliona ni jicho la mlango pale stesheni ya Gulwe, ilikosimama treni ya sumaku. Kila aliyefanya kazi mbele ya wasafiri alitakiwa kulitabasamia lile jicho asubuhi ndipo mlango ufunguke. Siku ya kwanza lilimwambia Nyemo kwa sauti tamu ya kike: "Fizi, milimita saba. Kiwango ni tatu. Karibu siku nyingine." Nyemo akaangua kicheko. Jicho likampima upya: "Fizi, milimita nane."

Baadaye ikaja barua ya kliniki. Umechaguliwa kupata matibabu ya kurefusha taji la jino, bila malipo yoyote. Akakatwa, mlango ukafunguka, akafanya kazi miezi minne. Kisha fizi zikashuka tena, mlango ukagoma. Akakatwa mara ya pili, mambo yakawa yale yale. Sasa ilikuwa mara ya tatu: upande wa kulia Jumatatu hii, upande wa kushoto Ijumaa.

"Wanasema fizi zangu ni kaidi," alisema Nyemo kwa mdomo uliokufa ganzi nusu. "Wamekaa miezi na mimi, hawajaona kaidi kama hizi."

"Umezirithi kwa baba yako," alisema Ndahani.

Chilongani hakucheka. Alifungua kichupa, akakimimina kile kipande kiganjani. Yale maji yakamchoma mikono, lakini alikuwa ameizoea hali hiyo. Akakipapasa kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu na laini kwa juu, kina mikunjo midogo iliyokwenda upande mmoja. Akakigeuza, akakigeuza tena.

Mbuzi hana meno ya mbele juu. Mahali pa meno Mungu amempa kipande kigumu cha ufizi, cha kubania majani. Chilongani alikuwa amekwangua vichwa vya mbuzi visivyo na idadi, na kipande hicho alikijua kama anavyokijua kizingiti cha nyumba yake. Tena ufizi uliokatwa kuzunguka meno ya mtu lazima uwe na mikato ya mwezi mwandamo, kila jino na mkato wake. Hiki kilikuwa kimenyooka kama rula.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Mtu aliyezoea kununua nyama iliyokwisha katwa huona nyama zote ni moja. Kichupa kile wangempa mwalimu au mchungaji, kingezikwa kwa sala na mambo yangeisha. Wakampa muuza nyama.

Alikirudisha kipande ndani, akakiweka kichupa mfukoni mwa shati.

"Nitazika Ijumaa, vikitimia vyote viwili," alisema.

Ndahani alimkata jicho. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Elieza, mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni mimi. Umeona nini?"

"Nimesema sijaona kitu, dada!"

Nyemo aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama mikono ya baba yake.

2

Mchiwa aliuza supu mkabala na bucha ya Chilongani. Miaka miwili nyuma mtungi wake wa gesi ulipasuka, ukaunguza watu watano. Chilongani ndiye aliyeingia motoni kumvuta. Alitoka naye, lakini mikono yake ilitoka haina ngozi kuanzia kwenye viwiko kushuka chini.

Wote watano walipelekwa kwenye jengo jipya la barabara ya Dodoma, lenye maandishi ya rangi mbili mlangoni: NGOZI, ghorofa ya chini, KINYWA, ghorofa ya juu. Huko walivishwa ngozi ya pili. Ilikuwa nyembamba, yenye unyevu kidogo, haioti nywele wala haina alama za vidole. Kisu kikimkata Chilongani asubuhi, kesho yake jioni jeraha limefunga bila kovu. Wateja walikuwa wakija kumtazama tu. Kila miezi sita gari la kliniki lilimletea kikopo cha malhamu ya kupaka siku saba mfululizo, wenyewe wakaiita chakula cha ngozi.

Asubuhi hiyo aliketi kwenye benchi la Mchiwa, akakataa supu.

"Nikuulize kitu, bwana. Malhamu yako huletwa lini?"

"Ya mwisho? Mwezi uliopita. Kwa nini?"

"Mdogo wako Lameki, si naye alipata ile barua ya meno?"

"Alipata. Bahati yake. Amekatwa fizi kama binti yako."

"Alikatwa lini?"

Mchiwa alisimamisha upawa juu ya sufuria. "Mwezi uliopita. Kama wiki moja kabla ya…" Akamgeukia. "Wewe, unataka kusema nini?"

"Lameki akicheka, umewahi kuziona fizi zake?"

Mchiwa akafikiri, kisha akacheka mwenyewe. "Lameki? Yule anacheka kama mtu aliyeficha peremende. Fizi zake hata mkewe hajaziona."

"Basi walimkata za nini?"

Kicheko kikamwisha Mchiwa. Chilongani akanyoosha mkono, akachukua kipande cha limau kwenye sahani ya wateja, akakikamua juu ya mkono wake, kisha akapaka pilipili kidogo kwa ncha ya kijiko. Akauma meno. Machozi yakamlenga.

"Mkono wa mtu hauwashwi na pilipili hivi," alisema. "Ukipaka pilipili hapa kwenye goti langu sisikii kitu. Wapi pengine panapowasha hivi? Panapolowa muda wote, na jeraha likapona kwa siku mbili?"

Mchiwa alijigusa shingoni, pale ngozi yake mpya ilipoanzia. "Mimi jasho likinitiririka hapa linanichoma kama nina vidonda vya mdomo," alisema polepole. Kisha akauweka upawa chini kabisa. "Ndugu yangu, usiniambie hivyo. Mimi nina watoto, usiniambie hivyo."

"Tazama." Chilongani aliulaza mkono juani, kwenye meza. Ngozi ilikuwa ya waridi iliyoiva, na juu yake mabaka meusi yasiyo na mpangilio. Alikuwa akiyaona miaka miwili, akidhani ni dalili za kupona. "Mama yangu alikuwa na fizi za mabaka hivi. Na mimi. Na Nyemo."

Walihesabu. Watu watano waliungua. Watano wote walikuwa na mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyepata bahati ya barua. Sokoni kulikuwa na watu zaidi ya mia wenye kucheka fizi nje, na kati yao hakuna hata mmoja aliyechaguliwa.

"Nakwenda kule Ijumaa," alisema Chilongani. "Mpaka Jumapili usimwambie mtu. Hata Lameki."

"Na Jumapili?"

"Jumapili mwambie nani unayemtaka."

3

Daktari Kemilembe alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kumshika mgonjwa bega anapoongea naye. Ndiye aliyemvisha Chilongani ngozi. Ghorofa ya juu jina lake lilikuwa mlangoni pia, jambo ambalo Chilongani hakuwahi kujiuliza mpaka siku ile.

Nyemo alikuwa amekwisha ingia chumba cha kiti cha meno, anavalishwa kitambaa kifuani. Chilongani alikiweka kichupa mezani kwa daktari.

"Daktari, hii ni nyama ya mbuzi. Dume, hakuwa mkubwa."

Daktari alikitazama kichupa, akamtazama mzee. "Baba Nyemo, maabara zetu zina kazi nyingi. Yawezekana vichupa vimechanganyika."

"Vimechanganyika na bucha ipi?"

Daktari aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Safari hii hakumshika bega.

"Nilimwambia yule kijana wa maabara asifanye hivyo," alisema. "Dada yako alikuwa anapiga kelele mapokezi, watu wamejaa. Akaogopa, akatoka kwenda kununua kichwa."

"Ya Nyemo iko wapi?"

Daktari aliyashusha macho mikononi mwa Chilongani. Naye Chilongani, bila kutaka, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Alikuwa amekuja akijua. Lakini kujua peke yako ni kitu kimoja, na kuona mtu mwingine anajua ni kingine. Akavuta kiti, akaketi.

"Nieleze," alisema. "Kwa maneno ya mtu ambaye aliacha shule darasa la sita."

Daktari akachukua kalamu, akachora jino. Sehemu ya jino inayoonekana, alisema, huitwa taji. Kwa watu wengine ufizi umelifunika taji nusu, ndiyo maana meno huonekana mafupi na fizi ndefu. Ukitaka kulirefusha taji, unakata ufizi. Lakini chini ya ufizi upo mfupa, na mwili una kipimo chake: kutoka kwenye mfupa mpaka kwenye ncha ya ufizi unataka milimita tatu, haukubali pungufu. Ukikata ufizi peke yake, mwili utaujaza tena mpaka kipimo chake kitimie. Ukitaka ukae ulipo, huna budi kuupunguza na mfupa.

"Na nyinyi mfupa hamkuugusa," alisema Chilongani.

"Hatukuugusa."

"Ili zirudi."

"Ili zirudi." Daktari aliweka kalamu chini. "Ngozi ya mikono yako tuliiotesha kutoka kwenye ufizi, kwa sababu ufizi hupona bila kovu. Tulianza na kipande kidogo chako mwenyewe. Lakini haijilishi. Kila miezi sita lazima ipate chembe mpya, changa, na mwili wako unazikubali za damu yako tu."

"Sasa si mngekata zangu! Mimi ninazo fizi za kugawia watu."

"Fungua mdomo."

Alifungua. Daktari alivuta mdomo wake wa chini kwa kidole.

"Ugoro miaka mingapi?"

"Tangu nina kumi na saba."

"Umeziua. Kile kipande cha kwanza tulikitafuta kwa tochi. Ukiacha leo, labda baada ya mwaka, labda miwili, nyingine zitaamka. Sikuahidi."

Chilongani alifunga mdomo. Kikopo cha ugoro kilikuwa mfukoni, upande wa pili wa pale kilipokuwa kichupa. Alikihisi kifuani.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Wa mwanzo tuliwaambia," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Unajua kilichotokea? Kijana anakuja hapa, shangazi kamshika mkono huu, mjomba huu, mama analia nyuma. Namuuliza, umekubali kwa hiari yako? Anasema ndiyo huku anatetemeka. Mmoja alikataa. Ukoo mzima ukamtenga, na baba yake vidole vikajikunja, kila yule kijana akipita njiani wanamwonyesha kidole: tazama mtu aliyemnyima baba yake ufizi. Hiyo ndiyo hiari? Nikaona afadhali niwape kitu wanachokitaka, nichukue ninachokihitaji. Wanaondoka wanacheka. Niambie nimemdhulumu nani."



"Meno yake?" aliuliza Chilongani.

"Mikato mitano, sita, hana shida. Baada ya hapo mizizi itaanza kuonekana. Baadaye meno yatalegea."

"Na huu ni wa tatu."

"Huu ni wa tatu."

"Na ukiacha?"

"Vipande vya Jumatatu vitakufikisha miezi miwili. Halafu ngozi itakauka, itapasuka, itabanduka. Vidole vitajikunja. Kisu hutashika tena, Baba Nyemo. Wala kijiko."

Chilongani akainuka, akaenda dirishani. Chini barabarani mtu alikuwa anapitisha mbuzi sita, wanakwenda mnadani. Akawatazama mpaka wakapotea.

Kijiko. Miezi mitatu mikono yake ilipokuwa imefungwa, Nyemo ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Alikuwa akimpuliza uji, anamfuta kidevu, anamtania: "Fungua mdomo, baba, treni inaingia stesheni." Akienda chumba cha pili sasa hivi na kumweleza, hatamaliza sentensi. Nyemo atasema kateni. Atasema kateni mpaka meno yadondoke. Mtoto gani anamtazama baba yake machoni, mikono ile mbele yake, akasema hapana? Kumwambia kulikuwa sawa na kumwomba, na kumwomba kulikuwa sawa na kuchukua.

Na asipomwambia, atarudi nyumbani, asubiri gari la kliniki, apake malhamu siku saba, na kila asubuhi akishika kisu ajue ameshika nini.

Alitamani asingekifungua kile kichupa.

"Karatasi aliyoisaini Nyemo inasemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Kurefusha taji. Ufizi na mfupa."

"Basi fanya ulichokiandika. Ufizi na mfupa. Pande zote mbili, leo."

"Unajua unachosema?"

"Kata mfupa, daktari. Na kila kipande kitakachotoka unipe mimi mkononi. Usinitafutie mbuzi."

"Na wale wanne wengine? Habari hii ikivuma mjini, nitafunga. Wodi ya chini ina watoto wanane walioungua. Umewahi kuwaona?"

"Sijawaona."

"Nikupeleke?"

Chilongani aliuogopa mlango ule wa chini kuliko alivyoogopa moto siku ile. "Mchiwa ameshajua," alisema mwishowe. "Nimempa mpaka Jumapili. Waambie wewe mwenyewe kabla hajawaambia yeye. Uwaulize. Wakitetemeka, watetemeke."

Kwenye korido mlango wa chumba cha kiti ulikuwa wazi. Nyemo alimwona, akainua kichwa.

"Baba! Mbona umekaa sana kwa daktari? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Leo watamaliza kabisa. Hazitarudi tena."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nyemo alicheka. Upande wa kulia meno yalikuwa marefu, mekundu kwenye kingo. Upande wa kushoto fizi za bibi yake bado zilikuwa pale pale, pana, zenye mabaka meusi. Chilongani alizitazama mpaka muuguzi alipofunga mlango, kisha akaketi kwenye benchi la nje, mikono magotini, viganja juu.

4

Alimwambia Nyemo Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba, mbele ya Ndahani na shimo lake. Alimweleza yote, kuanzia kichwa cha mbuzi mpaka milimita tatu. Hakumung'unya maneno, kwa sababu hakujua namna nyingine. Alipomaliza alikiweka kichupa kipya kizingitini. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba, vimepinda kama miezi michanga, vinaelea. Safari hii hakuna wa kudanganywa.

Nyemo alikuwa na nyuzi mdomoni, uso umevimba.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumatatu nilishuku. Ijumaa nikajua."

"Kabla sijakatwa?"

"Kabla."

"Nilikuuliza pale mlangoni, kuna nini. Ukasema hakuna kitu."

"Ningekwambia ungekubali, mwanangu."

"Ndiyo, ningekubali!" Alijishika shavu kwa maumivu, lakini hakushusha sauti. "Au ningekataa. Hujui, baba. Mimi mwenyewe sijui. Na sasa hatutajua, kwa sababu mfupa umekatwa. Wao walinichagulia kwa barua. Wewe umenichagulia kwa kufunga mlango. Tofauti yenu ni nini?"

"Mimi sikuchukua."

"Hukuchukua. Ulinyamaza, wenzako wakanishika mdomo."

"Nyemo!" alisema Ndahani. "Huyo ni baba yako."

"Ndiyo maana naongea naye, shangazi. Angekuwa mwingine ningekwisha ondoka."

Chilongani alitaka kusema kwamba yeye ndiye atakayepoteza mikono, si Nyemo, lakini akaona neno hilo lingekuwa bei, naye hakuja kuuza. Akainama kuchukua kichupa aanze kuzika.

Nyemo alikiwahi.

"Hii si ya ardhi," alisema.

Ndahani alipiga jembe chini. "Haiwezekani! Tangu babu yako, cha mwili—"

"Babu hakuwahi kukatwa fizi, shangazi. Hii imetoka kwangu. Mara zote tatu imetoka kwangu, na kila mtu alijua ya kufanya nayo isipokuwa mimi." Alikitia kichupa kwenye mkoba, akajifunga kitenge, akatoka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza baba yake.

"Nikirudi nitakwambia. Au nitasema hakuna kitu."

Ndipo Chilongani alipojua kukaa nje kunavyouma. Aliketi kizingitini kutoka saa nne mpaka saa tisa. Bucha haikufunguliwa. Mawazo yalimjia ya kila aina: kwamba amekwenda kukitupa mtoni, kwamba amekwenda kukiuza, kwamba amepanda treni na hatarudi. Mara mbili alishika kikopo cha ugoro, mara mbili akakiachia. Ndahani alikaa karibu na shimo, hazungumzi naye, lakini haondoki.

Nyemo alirudi na kikopo cha malhamu.

Chilongani alikitambua kwa mbali, kile kile cha miaka miwili, kifuniko cha bluu. Akapokea, akakifungua, akakinusa, kisha akakiinua juani akakichunguza kama anavyochunguza ini. Mazoea mapya hayo.

"Una hakika ni zako?"

"Nilisimama palepale mezani mpaka mwisho. Yule daktari aliniambia niketi, nikakataa. Kutoka kichupa mpaka kikopo sikutoa jicho." Alivuta kigoda, akaketi mbele yake. "Alinitajia na kampuni ya Gulwe inayotengeneza lile jicho la mlango. Unajua aliyewaambia kiwango kiwe milimita tatu ni nani?"

Hakulitaja jina, wala hakukuwa na haja: lilikuwa mlangoni, ghorofa ya juu. Chilongani alikumbuka ile sauti tamu ya kike aliyosimuliwa, karibu siku nyingine.

"Jumatatu siendi Gulwe," alisema Nyemo. "Jumatatu nakwenda ile wodi ya chini. Nataka kuwaona hao watoto wanane, na nataka ndugu zao wanione mimi, kabla hawajasaini. Baadaye nitajua la kufanya. Lete mikono."

"Mwanangu, mimi siwezi—"

"Miezi sita. Na ile miwili ya Jumatatu, minane. Kisha basi, hakuna nyingine. Katika miezi minane umfundishe mtu kisu, au ujifunze kazi isiyotaka vidole. Lete mikono, baba. Zamu yako ya kuamua imepita."

Aliitoa. Nyemo alichota malhamu kwa vidole viwili, akaanza kumpaka, kidole kimoja kimoja, anapita juu ya yale mabaka bila haraka. Ilikuwa ya baridi, kisha ikachoma, kisha ikatulia. Chilongani aligeuza uso upande wa ukuta.

"Na shimo langu?" aliuliza Ndahani. "Nimechimba tangu Jumatatu. Ukoo huu ulishawahi kuacha shimo wazi?"

Nyemo alipomaliza mkono wa kulia, Chilongani aliuingiza mfukoni, ungali unateleza, akatoa kikopo cha ugoro. Kilikuwa kimejaa. Alikishika kidogo. Kisha akakitupia shimoni.

Ndahani alikitazama kile kikopo, akamtazama mdogo wake.

"Miaka thelathini nakwambia uache," alisema, akaanza kufukia upesi upesi kabla hajabadili mawazo.